Nilichovya matumbawe kwenye dawa, mbona wadudu wamerudi?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nyegezi, Mwanza. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 300 ambalo limetimiza miaka miwili. Miezi miwili iliyopita nililetewa vipande sita vya matumbawe kutoka Dar es Salaam. Nilivichovya katika maji yenye iodini kwa dakika kumi kama nilivyoelekezwa, kisha nikaviweka tangini siku ileile. Sasa Akropora zangu (matumbawe magumu yenye matawi), zikiwemo za zamani, zinapauka kuanzia chini na zina madoa madogo ya mviringo. Juu ya mawe wameota anemoni wa kahawia, wale wanyama laini wanaofanana na maua, ambao kila nikiwakata wanaongezeka. Je, dawa ilikuwa mbovu? Nitupe kila kitu? Na nifanye nini ili jambo hili lisijirudie?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na ahsante kwa kueleza mambo kwa mpangilio, kwa sababu muda ulioutaja umenisaidia kuliko ambavyo picha ingenisaidia. Dawa yako haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyoiweza. Kwa dalili ulizozieleza, nina hakika kubwa kwamba una wageni wawili tofauti, na kila mmoja ana namna yake ya kushughulikiwa: wa kwanza ni mnyoo bapa anayekula Akropora, na wa pili ni anemoni aitwaye Aiptasia. Hakuna kati yao anayekulazimisha kutupa tangi lote, ingawa yule wa kwanza atakudai wiki nyingi za kazi na huenda akaondoka na tumbawe moja au mawili kabla hujammaliza.

Mtu aliyekaa Usukumani anaujua mkasa huu tayari kwa upande wa ng'ombe. Mfugaji hapeleki ng'ombe joshoni mara moja akahesabu kwamba kupe wamekwisha. Josho huua kupe walio mwilini siku ile, lakini kupe jike aliyeshiba alikwisha kudondoka na kutaga mayai kwa maelfu malishoni, na watoto watakaoanguliwa watampanda ng'ombe yuleyule aliyetoka joshoni akiwa safi. Ndiyo maana josho lina ratiba. Kwa tumbawe hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mnyoo huyu hatagi mbali. Hutaga juu ya tumbawe lenyewe, kwenye kiunzi cha chokaa kilichobaki wazi baada ya nyama kuliwa, mara nyingi upande wa chini au wa kivulini ambako jicho halifiki. Dawa tunazochovyea matumbawe humwangusha mnyoo, lakini ganda la yai lake haziliwezi. Kwa hiyo, hata kama ungetumia dawa kali kuliko iodini, vipande vile bado vingeingia tangini vikiwa na mayai hai, na hesabu ya wiki zako nane inalingana kabisa na mayai kuanguliwa, minyoo kukua, na kizazi cha pili kuhamia Akropora zako za zamani.

Nami nilijifunza jambo hili kwa hasara. Miaka mingi iliyopita nililetewa kipande kizuri cha Akropora ya bluu, basi likafika usiku wa manane, na kwa kuwa sikuwa na tangi la pembeni lililo tayari nilikichovya kwa robo saa na kukiweka moja kwa moja pamoja na vingine. Katika miezi minne nilipoteza matumbawe kumi na moja, mengine niliyoyakuza kutoka ncha ndogo kama kucha. Tangu usiku ule sijaweka kitu chochote kibichi tangini kabla hakijakaa pembeni.

Inafaa umfahamu adui huyu vizuri. Jina lake la kitaalamu ni Prosthiostomum acroporae. Alipofafanuliwa mwaka 2011 aliwekwa katika jenasi nyingine na kuitwa Amakusaplana acroporae, kwa hiyo ukiyakuta majina yote mawili ujue ni mnyoo mmoja. Jambo la ajabu ni kwamba alijulikana kwanza kama msumbufu wa matangi, na ni mwaka 2012 ndipo iliporipotiwa kwa mara ya kwanza kwamba ameonekana baharini, katika Great Barrier Reef ya Australia. Baharini yumo katika jamii kubwa ya viumbe wanaomla na kumpunguza. Tangini hana wa kumzuia, na mlo wake umerundikwa mahali pamoja. Mwili wake ni mwembamba kama utando, mara nyingi mfupi kuliko sentimita moja, na hubeba rangi za tumbawe analolila, kiasi kwamba unaweza kulitazama tawi lenye minyoo kumi na usimwone hata mmoja. Unachokiona ni alama zake: vidoa vyeupe vya mviringo, vinavyokaribiana kwa ukubwa, vinavyoanzia chini ya tawi na kupanda.

Hata hivyo, usianze tiba kabla ya kuthibitisha. Akropora hupauka kwa sababu nyingi, na nimewahi kuona watu wakichovya wiki baada ya wiki matumbawe ambayo kosa lake lilikuwa ukalikaji wa maji (uwezo wake wa kuzuia pH isiyumbe) kupanda na kushuka. Chukua beseni jeupe, lijaze maji ya tangi, weka ndani Akropora moja unayoishuku, kisha kwa kibomba cha mpira, kile kinachotumika kuoshea masikio, puliza maji kwa nguvu juu ya kila tawi, hasa chini. Mnyoo akiwemo atabanduka na kuonekana sakafuni mwa beseni kama kijipande cha ngozi kinachojikunja na kuteleza. Baada ya hapo geuza tumbawe, shika tochi na kioo cha kukuzia, utazame mpaka kati ya nyama hai na kiunzi kikavu: mayai yako hapo, yamepangwa kama viraka vya vitone vidogo vya rangi ya dhahabu au kahawia. Ukiwaona minyoo au mayai kwenye tumbawe moja, hesabu kwamba Akropora zote zimeambukizwa, pamoja na ile inayoonekana yenye afya kuliko zote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mnyoo huyu anategemea Akropora peke yake, na hapo ndipo penye nafasi yako. Toa Akropora zote, bila kubakiza hata kishina kilichoganda kwenye jiwe, uzihamishie kwenye tangi la pembeni, na uliache tangi kubwa bila Akropora kwa muda usiopungua wiki nane. Mayai yaliyobaki mle kwenye mawe yataanguliwa, watoto hawatapata mwenyeji, watakufa kwa njaa. Samaki wako na matumbawe ya aina nyingine wanaendelea kuishi kama kawaida. Wapo wanaosema wiki sita zinatosha, na huenda ni kweli katika maji yenye joto, lakini mimi nimechagua nane kwa sababu muda wa yai kuanguliwa hutegemea joto la maji: hukaribia wiki moja na nusu maji yakiwa ya joto, na huweza kupita wiki tatu yakiwa baridi. Hali hii inatuhusu sisi wa Mwanza, kwani usiku wa mwezi Juni na Julai chumba kinaweza kupoa hadi nyuzi 18, na tangi dogo hupoa haraka kuliko kubwa. Weka hita katika tangi la pembeni na ushikilie nyuzi 26. Joto la kudumu litaharakisha mayai kuanguliwa, na hicho ndicho unachokitaka, kwa sababu yai huliwezi na mtoto wake unamweza.

Tangi hilo la pembeni halihitaji gharama kubwa. Boksi la plastiki la lita 50 au 60 linatosha, likiwa na hita, pampu ndogo ya kuzungusha maji, kichujio cha sponji, taa inayoweza kulisha Akropora, na rafu ya plastiki ya kuwekea vipande. Usiweke mawe wala mchanga, maana kila upenyo ni maficho. Chumvi iwe gramu 35 kwa lita, sawa na ya tangi kubwa, na kila wiki ubadilishe sehemu ya maji kwa maji mapya uliyochanganya mwenyewe. Usihamishe maji, neti, vikombe wala mikono iliyolowa kutoka tangi hili kwenda lile. Ukimaliza kazi ya karantini osha mikono kwa maji ya bomba ndipo uguse tangi kubwa. Sehemu hii ndiyo watu wanayoidharau, kisha wanakuja kuniuliza minyoo wamepita wapi.

Kabla ya josho la kwanza, kata. Kila kipande kilichogundishwa kwenye kitako cha saruji au plastiki kivunje juu ya gundi, utupe kitako, kisha kata na utupe sehemu yote ya chini iliyokufa, ubaki na tawi lililofunikwa nyama hai kutoka juu hadi chini. Najua inauma kukata tumbawe ulilolilea miaka miwili likabaki vidole vitatu. Lakini mayai karibu yote yako kwenye sehemu hiyo unayoikata, na mkasi mmoja wa siku ya kwanza utakuokoa na majosho mengi ya baadaye. Palipobaki kiraka cha mayai ambacho huwezi kukikata, kikwangue kwa ncha ya kisu au mswaki mgumu, kisha ukizibe kwa gundi ile ya kukauka upesi, ambayo haiyadhuru matumbawe ikishakauka.

Baada ya hapo chovya kila siku ya tano hadi ya saba, kwa wiki zisizopungua sita, na uendelee hadi uwe umepata majosho matatu mfululizo ambayo hayakuangusha mnyoo hata mmoja. Sababu ya mwachano huo ni kwamba mnyoo aliyetoka yaini huhitaji wiki kadhaa kufikia umri wa kutaga. Ukimkuta kila wiki, hapati nafasi ya kuweka mayai mapya, na mayai ya zamani yanakwisha yenyewe. Tumia vyombo viwili vyeupe, cha dawa na cha kusuuzia, vyote vikiwa na maji ya chumvi ya joto lilelile la tangini. Wakati tumbawe limo dawani puliza kwa kibomba mara kwa mara, kwa sababu mnyoo aliyelegea bado hushikilia. Mwisho hesabu waliodondoka na uandike tarehe na idadi. Daftari hilo ndilo litakalokuambia ukweli siku utakapotamani kuacha mapema.

Kuhusu dawa gani, iodini ni nzuri kwa kuosha majeraha na kupunguza bakteria mahali tumbawe lilipokatwa, na kwa kazi hiyo endelea kuitumia. Kwa minyoo bapa tafuta dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchovyea matumbawe, ama zile zenye mafuta ya mimea, ama zile zenye kloridi ya potasiamu, ambayo humlegeza mnyoo hadi akaachia. Fuata kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, wala usizidishe kwa kudhani utaua mayai; utaliua tumbawe na mayai yatabaki. Jaribu kwanza kwenye kipande kimoja, usubiri siku mbili, ndipo uendelee na vingine.

Kuna tahadhari moja ambayo maelekezo ya chupa hayatakuambia, kwa kuwa yaliandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kiasi kwamba maji hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko maji ya joto na chumvi ileile kule Tanga au Dar es Salaam. Katika tangi kubwa lenye pampu tofauti hiyo haionekani. Katika ndoo ya lita nne yenye dawa na matumbawe manane yaliyofadhaika, inaonekana. Weka kijiwe cha hewa ndani ya chombo cha josho tangu mwanzo hadi mwisho, na uwe na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya tangi la karantini, kwani umeme ukikatika usiku sponji peke yake haitakuokoa.

Nakuomba pia usikie hili kwa uzito wake. Utapita duka la pembejeo za mifugo na kuona dawa za josho la ng'ombe zenye saipamethrini, au viuatilifu vya bustani, na pengine utaambiwa kuwa huko ng'ambo wapo wanaochovyea matumbawe viuatilifu vya aina hiyo. Ni kweli wapo, na minyoo hufa. Lakini dawa hizo ni sumu kali kwa samaki na kwa jamii nzima ya kamba na kaa, kiasi kidogo mno kinachobaki kwenye kipande kisichosuuzwa kinaweza kumaliza kamba wako wote, na maji machafu ya josho hilo yatakwenda wapi? Mitaro ya mji huu hushuka ziwani, na Mto Mirongo unapita katikati ya jiji hadi majini. Ziwani kuna kamba mdogo aitwaye Caridina nilotica, ambaye ni chakula kikubwa cha sangara wachanga, naye hana kinga dhidi ya saipamethrini kama wasivyo nayo kamba wako wa tangini. Viumbe wa tangi lako hawawezi kuishi katika maji baridi ya ziwa, kwa hiyo sihofii minyoo wako; nahofia dawa. Mimi situmii viuatilifu kwa matumbawe, na sitamshauri mtu yeyote wa kandokando ya ziwa hili avitumie.

Samaki wanaweza kusaidia, ila usiwategemee peke yao. Yuko samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye anapatikana hata katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, naye hudonoa minyoo bapa siku nzima. Nimemweka katika matangi mengi kwa faida. Lakini hula minyoo anaowaona, na mayai huyaacha. Mtu mwenye samaki huyu anaweza kukaa mwaka mzima na minyoo wachache ambao hawaongezeki wala hawakwishi, akadhani yuko salama, hadi siku samaki atakaporuka nje ya tangi.

Nije kwa Aiptasia. Unaeleza kwamba kila ukiwakata wanaongezeka, na hiyo ndiyo tabia yao: kipande kidogo cha kitako chake kinachobaki juu ya jiwe hukua kuwa anemoni kamili. Sisi tulioona gugumaji likivunjika vipande na kila kipande kusafiri kuanzisha zulia lake katika ghuba nyingine hatuhitaji maelezo marefu. Weka kisu chini, Mwalimu. Badala yake changanya kalsiamu hidroksaidi, chokaa ileile safi inayotumika kuongezea kalsiamu tangini, na maji kidogo ya osimosi, yaani yaliyochujwa hadi yakabaki matupu, hadi iwe uji mzito. Zima pampu, subiri maji yatulie, kisha kwa bomba la sindano sogea taratibu na uuweke uji juu ya mdomo wa anemoni kabla hajajivuta ndani, ukimfunika wote. Acha robo saa ndipo uwashe pampu. Fanya kwa anemoni watano au sita kwa siku, si zaidi, kwa kuwa chokaa hupandisha pH na ukiwavamia thelathini kwa mpigo utalidhuru tangi zima. Vaa miwani na glavu. Uji huo huunguza jicho.

Wale waliojificha ndani ya nyufa watahitaji mwindaji. Baadhi ya kamba wa jenasi Lysmata hula Aiptasia, hasa wachanga, ingawa si kila kamba anayeuzwa kwa jina hilo ni yeye, na yuko mmoja mwenye mgongo wa nundu anayefanana naye ambaye hugeuka na kula matumbawe. Koa wa bahari aitwaye Berghia ndiye bingwa, kwa sababu hali kitu kingine chochote zaidi ya Aiptasia, na wakiisha naye hufa njaa. Kumpata hadi Mwanza akiwa hai ni shughuli, na kama una yule samaki wa mistari sita anaweza kumla kabla hajafanya kazi. Kwa tangi lako ningeanza na chokaa kwa wiki sita, kisha nipime tena.

Swali lako la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Karantini uliyoianzisha kwa ugonjwa huu usiivunje ugonjwa ukiisha. Iache iendelee kuwepo, na tangu sasa kila kitu kinachotoka kwenye maji ya mtu mwingine kipite hapo kwa wiki sita hadi nane: matumbawe, bila shaka, lakini pia konokono, ambao hubeba Aiptasia mgongoni mwa magamba yao, na mwani wa kulishia, ambao hubeba minyoo bapa wekundu wadogo. Hao wekundu, wanaoitwa Convolutriloba, hawali tumbawe lenyewe ila hulifunika likakosa mwanga, na wakifa wengi kwa pamoja hutoa sumu, kwa hiyo ukiwapata wanyonye kwa mpira kwanza na uwe na mkaa amilifu, ule unaonyonya sumu majini, kichujioni kabla ya dawa yoyote.

Ukiwa karantini, tazama kila tumbawe kwa adui wake. Montipora, tumbawe gumu ambalo mara nyingi huwa na umbo la sahani, huliwa na koa mweupe mdogo kama punje ya mchele, mwenye vinyweleo mgongoni, ambaye hukaa chini ya sahani ya tumbawe na kutaga hapohapo. Mayai yake nayo yanashinda josho, kwa hiyo ratiba ni ileile ya kurudia. Zoantidi, ndugu laini wa matumbawe wanaoota kwa vikundi, huliwa na koa wanaovaa rangi za mlo wao hadi wakafanana na polipu (kijinyama kimoja chenye mdomo na mikono) iliyofumba, na pia na konokono wa jenasi Heliacus, ambaye gamba lake la duara lina vidoa vya mraba vinavyopokezana. Huyu mtoe tu kwa kibanio. Akropora ina mdudu mwingine pia, kopepodi (mdudu mdogo wa majini wa jamii ya kamba) wa manjano mwenye doa jekundu, Tegastes acroporanus, mwenye urefu wa karibu nusu milimita, ambaye haachi vidonda vya mviringo bali hulifanya tumbawe lote lifumbe polipu na kufifia. Yeye hutibiwa kwa milbemisini, dawa ya minyoo ya mbwa, inayoua pia kamba na kaa wote walio ndani ya maji. Tiba hiyo ifanye ndani ya tangi la karantini tu, kwa kipimo utakachopewa na daktari wa mifugo, na maji yake uyapitishe kwenye mkaa amilifu kabla ya kuyamwaga mahali pasipo na mtaro.

Usimuue kila anayetambaa. Minyoo wenye manyoya ya pembeni, ambao utawakuta wengi chini ya mawe usiku, karibu wote ni wafagiaji wanaokula mabaki, na ukiwakuta juu ya tumbawe linalokufa mara nyingi wamefuata mzoga, hawakuua. Konokono wanaojenga mirija ya chokaa na kutupa nyuzi za ute ni kero ya kweli pale nyuzi zinapogusa matumbawe. Vunja mrija na uzibe tundu kwa gundi.

Umeniuliza pembeni kama unaweza kusuuza matumbawe kwa maji ya ziwa ili kuua wadudu, au kuongeza mawe ya hapa Mwanza. Maji yasiyo na chumvi yataivimbisha nyama ya Akropora na kuipasua kabla hayajamaliza mayai, basi usijaribu. Mawe yetu ni ya itale, hayana vitundu vidogo vya kuhifadhi bakteria kama mwamba wa chokaa, na hayataleta faida. Na kwa kuwa vipande vyako vinasafirishwa, kumbuka kwamba matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini: hayavuki mpaka bila kibali, na wala usikubali kipande kilichovunjwa baharini. Hata kipande kilichokuzwa tangini ulizia asili yake, na mwenye nacho atakuambia pia kama amewahi kuona minyoo kwake.

Siku ya kurudisha Akropora ikifika, rudisha mbili tu kwanza, ndogo, uziweke mbele ambapo unaweza kuziona kutoka pande zote, na uzitazame kwa tochi mara mbili kwa wiki kwa mwezi mzima. Zingine zibaki karantini. Ukiona kidoa kimoja kipya cha mviringo, toa zote mbili siku hiyohiyo, puliza ndani ya beseni jeupe, na unitumie picha ya upande wa chini pamoja na ukurasa wa daftari lako.